Tozo zilipigiwa kelele, mafuta yakapita kimya

Tarehe 15 Julai 2021 simu za Watanzania zilianza kuleta ujumbe wenye mstari mpya. Chini ya makato ya kampuni ya simu, ambayo kila mtu alikwisha kuyazoea, palikuwa na makato mengine ya Serikali. Aliyetuma fedha alikatwa, aliyetoa kwa wakala akakatwa tena, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, kutegemea ukubwa wa fedha yenyewe. Kelele zilizofuata bado zinakumbukwa. Vijiweni, kwenye daladala na mitandaoni hapakuwa na hadithi nyingine. Kufikia Septemba viwango vilikuwa vimepunguzwa kwa asilimia 30, na bajeti ya 2023/24 ikaifuta tozo ya kutuma fedha.

Bajeti hiyohiyo ya 2021/22 iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, fedha ambazo Serikali ilisema zitatengeneza barabara za vijijini. Hapo palisikika manung'uniko ya kawaida ya mafuta kupanda, kisha watu wakaendelea na shughuli zao. Wakati huo lita moja ya petroli ilikuwa tayari imebeba zaidi ya shilingi 700 za kodi na tozo mbalimbali. Mwenye bodaboda anazilipa kituoni. Abiria wake anazilipa kwenye nauli. Mama anayenunua nyanya sokoni Ilala anazilipa ndani ya bei, kwa sababu tenga limesafiri kutoka Ilula juu ya lori linalokunywa dizeli. Mtu ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli analipa kodi ya mafuta kila siku ya maisha yake, na hakuna simu inayomletea ujumbe kumjulisha.

Kwa hesabu za mfukoni, mafuta yanamgusa mtu wa kipato cha chini mara nyingi zaidi kuliko tozo za miamala. Lakini ni tozo zilizotikisa nchi. Maelezo mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasoma kuhusu jambo hili yaliandikwa mwaka 1866, London, na Mjerumani aliyekuwa akiishi uhamishoni huko kwa mikopo na misaada ya rafiki yake. Jina lake Karl Marx.

Mwaka ule Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi, iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu, ilikuwa inajiandaa kukutana Geneva. Marx aliwaandikia wajumbe wa London maelekezo kuhusu saa za kazi, ajira ya watoto, vyama vya wafanyakazi na vyama vya ushirika. Kifungu cha kodi ni kifupi mno. Kinaanza kwa kuwavunja moyo wanaodhani kwamba ukipanga kodi vizuri umeikomboa dunia: hakuna mpangilio wa kodi, anasema, utakaobadilisha kwa maana kubwa uhusiano uliopo kati ya mfanyakazi na mwenye mtaji. Baada ya kusema hivyo anachagua upande. Kodi zinazowekwa juu ya bidhaa zifutwe zote, na mahali pake zitozwe kodi za moja kwa moja.

Anatoa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ataielewa kila mwenye duka. Mfanyabiashara aliyelipa ushuru mapema, anapokuja kuuza, harudishi ushuru peke yake. Anataka na faida juu ya fedha aliyoitanguliza, kwa hiyo mlaji analipa kodi na ziada yake. Ya pili ni ya kisiasa. Kodi iliyozikwa ndani ya bei inamficha mwananchi kiasi anachoipa dola. Kodi ya moja kwa moja haina kificho, hata asiyejua kusoma anaielewa, na kwa sababu hiyo inamsukuma kila anayelipa kuwachunguza wanaomtawala.

Hiyo sababu ya pili ndiyo naishikilia katika makala hii, kwa kuwa wafuasi wa Marx wenyewe waliisahau mapema sana.

Anayesikia jina la Marx likitajwa pamoja na kodi kwa kawaida hukumbuka Ilani ya Kikomunisti ya 1848, ambayo katika hatua kumi ilizopendekeza, ya pili ni kodi nzito ya mapato inayopanda kadiri kipato kinavyopanda. Wazo hilo leo limezoeleka hata katika nchi zisizotaka kumsikia mwenyewe. Hata PAYE yetu, kodi inayokatwa kwenye mishahara, ina ngazi zake: anayepata hadi shilingi 270,000 kwa mwezi halipi, kisha inaanza asilimia 8, na kupanda hadi asilimia 30. Ila ngazi inaishia kwenye shilingi milioni moja. Kuanzia hapo kila shilingi ya ziada inakatwa asilimia 30, awe ni mwalimu mkuu anayekaribia kustaafu au mkurugenzi wa benki. Tunachoita kodi inayopanda kimesimama mapema kabla hakijawafikia wakubwa.

Lakini kujua nani alipe kiasi gani ni nusu ya hoja. Nusu nyingine ni nani mwenye ufunguo.

Kesi ya Köln

Marx aliwahi kupandishwa kizimbani kwa ajili ya ufunguo huo. Novemba 1848, mapinduzi ya Ujerumani yakiwa yanazimwa, mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm IV, aliamuru bunge litoke Berlin likakae Brandenburg, mbali na wananchi waliokuwa wakiliunga mkono. Wabunge walikuwa wamebaki na silaha moja. Waliazimia kwamba serikali ile haikuwa na haki ya kukusanya kodi. Huko Köln, gazeti alilolihariri Marx, Neue Rheinische Zeitung, likatangaza kwa herufi kubwa kwamba kodi sasa basi, na yeye pamoja na wenzake wawili wakatia saini mwito wa kuwataka watu wakatae kulipa.

Tarehe 8 Februari 1849 walifikishwa mbele ya mahakama ya Köln kwa shitaka la uchochezi. Marx alijitetea kwa hotuba ndefu. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba mtawala anaishi kwa fedha za watu. Bunge linaloweza kuzizuia fedha hizo lina nguvu juu yake, na bunge lililonyang'anywa uwezo huo limebaki kuwa pambo. Waamuzi wa kesi hiyo hawakuwa wakomunisti hata kidogo, walikuwa raia wenye mali zao. Wakawaachia huru wote watatu. Mei mwaka huo serikali iliona njia rahisi zaidi ni kumfukuza Marx nchini, na toleo la mwisho la gazeti lake likachapwa kwa wino mwekundu.

Nimeieleza kesi hii kwa sababu ndani yake kuna swali linaloweza kuulizwa Dodoma leo. Ibara ya 138 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema kodi haitatozwa ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Vizuri. Ibara ya 99 inasema Bunge halitashughulikia jambo la kutoza au kuongeza kodi, wala la kutoa fedha kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina, mpaka Rais awe ametoa pendekezo kupitia kwa Waziri. Halafu kuna ibara ya 90, ambayo katika orodha ya sababu zinazompa Rais uwezo wa kulivunja Bunge imeweka hii: Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali.

Tazama sasa jinsi kura ya bajeti inavyopigwa. Mbunge anaitwa jina, mmoja mmoja, na kujibu ndiyo au hapana, nchi nzima ikisikiliza. Anajua kwamba hapana ikishinda, anaweza kujikuta anarudi jimboni kuomba kura upya miaka mitatu kabla ya wakati. Ni kweli Bunge likivunjwa na kiti cha Urais nacho huwa wazi, kwa hiyo hatari ni ya wote. Lakini mbunge mwenye mkopo wa gari na deni la kampeni hatakuwa wa kwanza kujaribu. Kisheria ufunguo tumeukabidhi kwa wawakilishi wetu. Umefungwa kamba, na kamba imeshikwa na anayetaka kufunguliwa mlango.

Upare, 1945

Hapa ndipo historia yetu ina la kumfundisha Marx, au angalau kuwafundisha wanaomsoma kwa haraka.

Wakulima wa nchi hii waliijua kodi kwanza kama fimbo ya kuwatoa mashambani. Kodi ya nyumba iliyotangazwa na Wajerumani mwaka 1897 ilikuwa rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya kijijini, na asiyekuwa na rupia alilazimika kuitafuta penye rupia, yaani kwenye mashamba ya walowezi na kwenye ujenzi wa serikali. Rosa Luxemburg, katika kitabu chake cha 1913 kuhusu ulimbikizaji wa mtaji, aliliona jambo hilo dunia nzima: kodi ndiyo iliyomlazimisha mkulima aliyejitosheleza kuingia sokoni, ama kuuza zao ama kuuza nguvu zake. Kwa hiyo aliyeitazama kodi kwa jicho la shaka alikuwa na sababu zake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, milima ya Upare ilipewa kodi mpya iliyoitwa mbiru. Mwanahistoria Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika juu yake katika kijitabu cha mwaka 1971, na ninamshauri kila mwanasiasa anayependa neno "ushirikishwaji" akitafute. Mbiru ilipitishwa na mabaraza ya machifu chini ya utawala wa Kiingereza. Ukiitazama kwenye karatasi, ndiyo hasa kodi ambayo msomaji wa Ilani angeipigia makofi: mwenye ng'ombe wengi na kahawa nyingi alipe zaidi, maskini alipe kidogo.

Wapare waliikataa. Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Ujumbe wao uliwachanganya maofisa wa kikoloni. Hawakusema hawataki kulipa. Walisema wako tayari kuongezewa kodi, mradi kiwango kiwe kimoja kwa wote.

Maskini anakataa kodi ya kumpunguzia mzigo na kuomba ile inayomwongezea! Mtu wa ofisini angeandika kwamba hawa hawajui maslahi yao. Lakini jiulize nani alikuwa anapima utajiri wa mtu. Ni chifu na watu wake. Walipima kwa kigezo gani? Mlipaji hakukijua, wala hakuulizwa. Kipimo kikiwa mkononi mwa chifu, aliye karibu na chifu anaweza kukadiriwa kidogo, na aliyegombana naye kuhusu mfereji wa maji akakadiriwa sana. Makadirio yanaingia mpaka zizini kuhesabu mbuzi. Kiwango kimoja kinaumiza, lakini kila mtu anakijua, na hakuna anayeweza kukupandishia kwa chuki. Wapare walikubali kulipia hilo kwa fedha taslimu.

Mgogoro ulipozidi kurefuka, mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakaingia. Waume walikuwa Same, mashamba na watoto vilibaki kwao. Simulizi zilizokusanywa baadaye na watafiti zinasema mkuu wa wilaya alipopanda kwenda huko walimzingira na kumpa mambo mawili achague: amalize shauri waume zao warudi nyumbani, au ashike yeye nafasi ya waume wote. Mwaka 1947 mbiru ikaachwa.

Hata Ulaya aliyoijua Marx ilikuwa na mfano wa namna hiyo. Mwaka 1848 serikali ya mapinduzi ya Ufaransa iliongeza santimu 45 juu ya kila faranga ya kodi za moja kwa moja. Wakulima, ambao hawakuulizwa, waliiona Jamhuri kuwa ni mtoza kodi mwingine, na katika uchaguzi wa rais wa Desemba mwaka huo wakampigia kura Louis Bonaparte kwa mamilioni. Marx aliandika kwa uchungu juu ya kodi hiyo. Nadhani alilielewa jambo ambalo Wapare walilitenda: kodi inaweza kuonekana wazi na bado ikazaa hasira tu, kama anayeilipa hana njia ya kuingia kwenye chumba inamoamuliwa.

Kufutwa kwa kodi ya kichwa

Kodi ya kichwa tuliendelea nayo kwa majina tofauti baada ya Uhuru. Ikafutwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ikarudi katika miaka ya 1980 ikiitwa kodi ya maendeleo, na wenye umri wa kutosha wanakumbuka migambo wakivizia minadani na njia panda, na wanaume wazima wakijificha mahindini kwa kukosa stakabadhi. Mwaka 2003 ikafutwa tena. Uganda nao waliiacha ya kwao mwaka 2005, uchaguzi ukiwa mlangoni. Hakuna aliyelia. Mimi pia sitaki irudi. Ilikuwa kodi ya kikatili, iliyomtoza mlinzi wa usiku sawa na mwenye mashine ya kusaga.

Ila pamoja na ukatili huo kuna kitu kingine kilichoondoka, nacho hatukukizungumza. Mwanakijiji aliyekuwa na stakabadhi mkononi aliweza kusimama mkutanoni na kusema, "Fedha yangu iko wapi?" Leo anaambiwa yeye halipi kodi. Mara ngapi tumesikia kiongozi jukwaani akisema Watanzania wanaolipa kodi ni wachache? Anahesabu waliosajiliwa. Yule wa kijijini analipa VAT ya asilimia 18 kwenye sabuni na saruji, analipa ushuru wa bidhaa kwenye soda na muda wa maongezi, analipa kwenye nauli, na akiuza mazao analipa ushuru wa halmashauri. Ameondolewa kwenye orodha ya walipa kodi, hajaondolewa kwenye kulipa. Na halmashauri yake, ikiwa imepoteza chanzo chake, ikaongeza kutazama Hazina na kupunguza kumtazama yeye.

Kodi ya jengo ni mfano mwingine mtamu, ukipenda vichekesho vichungu. Kisheria ni kodi ya mwenye mali. Kuanzia Agosti 2021 ikaunganishwa na umeme wa LUKU, wakati huo ikiwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, shilingi 5,000 kwa ghorofa. Mijini anayenunua umeme ni mpangaji. Amejaza vocha yake ya shilingi 5,000, zimekatwa, uniti zimekuja pungufu, na mwenye nyumba yuko Mbezi anasubiri kodi yake ya miezi sita. Ni kweli kinadharia mpangaji anaweza kumdai mwenye nyumba arudishiwe. Wanaoishi vyumba vya kupanga Manzese wanajua madai hayo yanaishia wapi. Sheria inaweza kuandika jina la tajiri kwenye kodi, lakini mwenye nguvu ataisukuma mpaka imkute asiye na pa kuisukumia.

Kusini wana mfano wao, wa korosho. Kulikuwa na tozo ya kusafirisha korosho ghafi nje, na kwa sheria asilimia 65 yake ilirudi kuliendeleza zao lenyewe: salfa, miche, utafiti. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, fedha yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Lindi na Mtwara walipinga kwa nguvu, wakiwemo wa chama tawala. Walishindwa. Mkulima wa Newala anayepulizia mikorosho yake hakuwa na kikao chochote cha kwenda kusema hapana, ingawa fedha ilitoka katika jasho lake kabla haijafika bandarini. Mwanazuoni Issa Shivji alikwisha kuandika katika miaka ya 1970, wakati Ujamaa ukiwa bado kwenye kilele, kwamba dola inayojiita ya wakulima inaweza kuwa na tabaka lake lenyewe linaloishi kwa ziada ya wakulima. Hakuwa anazungumzia korosho za 2018, lakini angeweza.

Waliotawala kwa jina lake

Haki inanitaka niseme pia yaliyofanywa na waliosema wanamfuata Marx. Mageuzi ya kodi ya Muungano wa Kisovieti ya mwaka 1930 yalileta kodi ya mauzo iliyofichwa ndani ya bei za bidhaa za kawaida, mkate ukiwemo, na katika muongo ule ikawa nguzo kuu ya bajeti ya dola. Ndiyo kodi ile ile ambayo maelekezo ya 1866 yalitaka ifutwe. Baadaye, mwaka 1960, kiongozi wa nchi hiyo, Khrushchev, akatangaza kwamba kodi ya mapato itakomeshwa hatua kwa hatua, na hilo likasifiwa kama ushindi wa ujamaa. Ahadi haikukamilika. Hata ingekamilika, matokeo yangekuwa raia wasioona kodi yoyote na wasio na bunge la kuuliza chochote.

Marx mwenyewe, alipoisifu Komuni ya Paris ya 1871, alitaja mambo ya fedha ambayo mtu yeyote angeweza kuyahakiki: mishahara ya viongozi iliwekewa ukomo wa faranga 6,000 kwa mwaka, na wawakilishi waliweza kuondolewa na waliowachagua. Engels, yule rafiki aliyekuwa akimsaidia, akaongeza lawama moja. Wakomuni waliilinda Benki ya Ufaransa badala ya kuichukua, nayo ikawa inawapa wao mikopo midogo huku ikiwapelekea maadui zao wa Versailles mamia ya mamilioni.

Kwenye deni ndipo udhibiti wa wananchi unapokuwa mgumu kuliko kote. Katika buku la kwanza la Mtaji, lililotoka mwaka 1867, Marx alikejeli kwamba katika utajiri wote unaoitwa wa taifa, sehemu ambayo wananchi wanaimiliki kwa pamoja kwelikweli ni deni la taifa. Azimio la Arusha, miaka 100 baadaye, lilionya kwa lugha ya shamba zaidi: mikopo inajenga mijini, lakini anayeilipa ni mkulima, kwa sababu mazao yake ndiyo yanayoleta fedha za kigeni. Katika bajeti ya 2021/22, ile ya tozo, kati ya shilingi trilioni 36 zilizopangwa kutumika, zaidi ya trilioni 10 zilitengwa kwa ajili ya deni la Serikali. Fungu hilo halijadiliwi kama fungu la Kilimo au Afya. Mkataba umesainiwa, tarehe zimepangwa, kilichobaki kwa Bunge ni kuidhinisha.

Kuna waliojaribu njia nyingine. Mwaka 1989 Chama cha Wafanyakazi cha Brazili kilishika manispaa ya Porto Alegre na kuanzisha kile kinachoitwa leo bajeti shirikishi. Wakazi walikutana mtaa kwa mtaa, wakapanga vipaumbele, wakachagua wajumbe wa kukaa na wataalamu wa manispaa na kufuatilia utekelezaji. Wanaousifia mpango ule mara nyingi huruka sehemu moja muhimu. Mwanzoni hapakuwa na fedha ya kujadili, kwani mishahara ilikuwa ikimeza karibu mapato yote. Manispaa ililazimika kwanza kupandisha kodi ya majengo kwa wenye mali kubwa, ndipo mikutano ikapata kitu cha kuamua. Mwaka 1988 robo tatu ya kaya zilikuwa na maji na majitaka. Kufikia 1997 zilikuwa asilimia 98. Huko Kerala nchini India, serikali ya mrengo wa kushoto iliyoingia mwaka 1996 iliamua kuzipelekea serikali za vijiji na miji kati ya asilimia 35 na 40 ya fedha za mipango ya maendeleo, na mikutano ya vijiji ikapewa kazi ya kupanga. Porto Alegre walikuja kuusimamisha mpango wao mwaka 2017, chini ya uongozi wa chama kingine. Ulidumu muda wote ule kwa hiari ya waliokuwa madarakani, na hiari ilipokwisha nao ukakwisha.

Kenya wanayo maandishi mazuri kuliko yetu. Ibara ya 201 ya Katiba yao ya 2010 inataka uwazi, ushiriki wa wananchi na mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Juni 2024 Serikali ilipoleta Muswada wa Fedha uliokusudiwa kuongeza mapato kwa shilingi bilioni 346 za Kenya, VAT ya mkate ikiwa ndani yake, vijana waliusoma kifungu kwa kifungu na kuufafanua mitandaoni kwa Kiswahili na lugha nyingine za nyumbani. Waliouliza kuhusu mkate waliuliza pia kuhusu magari na safari za wakubwa. Kodi na matumizi yalikuwa hoja moja. Tarehe 25 Juni waliingia bungeni, na watu wakapigwa risasi na kufa. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza hatausaini. Desemba mwaka huohuo baadhi ya vipengele vikarudi katika sheria nyingine.

Mimi sisemi tozo zirudi ili tupate hasira ya kutosha. Naona mambo mawili yanawezekana bila kubadili dunia. Risiti ya mafuta kituoni iandike kodi ni shilingi ngapi, kama simu ilivyoandika. Na ibara ya 90 iondolewe ile sababu ya bajeti, ili mbunge anayesema hapana abaki kuwa mbunge. Marx angecheka kwamba hayo hayagusi mali iko mikononi mwa nani, na angekuwa sahihi. Wapare nao hawakuupindua ukoloni mwaka 1947, waliondoa mbiru.

Wakati tunasubiri, kuna sheria ambayo tayari ipo. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe hapo na kubandikwa kwenye ubao. Mkutano ujao ukiitishwa, nenda. Kama ubao ni mtupu, muulize mtendaji sababu, mbele ya watu, na uombe swali lako liandikwe kwenye muhtasari.